Mume na Mke Katika Njia ya Mtakatifu Yakobo

Wengi wenu mnawajua mahujaji wanaotoka Kenya kwa miguu kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Hao hutembea kwa kundi, na mmoja akichoka wenzake wapo wa kumtia moyo. Mara hii tunaeleza hija nyingine, ya kule Hispania, ambayo watu wengi huitembea wawili tu, bwana na mke wake. Hapo hakuna mwenyekiti wala kamati. Wakikosana njiani, ni wao wenyewe wa kupatana.

Hija hiyo huitwa Njia ya Mtakatifu Yakobo, au Camino de Santiago kwa Kihispania. Mwisho wake ni mji wa Santiago de Compostela, kaskazini magharibi ya nchi hiyo, mahali ambapo Wakristo wameheshimu kaburi la Mtume Yakobo tangu karne ya 9. Njia za kufika huko ni nyingi. Ile inayojulikana zaidi huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, na urefu wake ni kama kilomita 780. Wengi huimaliza kwa muda wa wiki tano hivi. Mwaka wa 2024 ofisi ya mahujaji kule Santiago iliwapa cheti watu karibu 500,000 waliofika kwa njia zote, na zaidi ya nusu walikuwa wanawake.

Kabla ya miguu kuna mapatano. Zamani, sheria ya Kanisa ilitaka mtu mwenye ndoa asiweke nadhiri ya hija ndefu bila mwenzake kukubali, maana aliyebaki nyumbani ndiye angebeba mzigo. Kule Uingereza mama mmoja, Margery Kempe, aliyezaa watoto 14, alipatana na mumewe mwaka wa 1413. Mama alikubali kulipa madeni ya mume kabla ya kwenda kuhiji. Mwaka wa 1417 alifika Santiago. Hebu oneni: deni lilizungumzwa kwanza, ndipo safari. Siku hizi wengi huenda wote wawili, lakini maswali ni yale yale. Pesa zinatoka wapi? Nani atabaki na watoto? Tukiishiwa katikati tutafanya nini?

Basi wametoka. Shida ya kwanza ni mwendo. Tuseme bwana anatembea kilomita 5 kwa saa na mama kilomita 4. Siku ya kilomita 20, bwana atatumia saa nne na mama saa tano. Saa nzima ya tofauti, kila siku, kwa wiki tano! Bwana akijilazimisha kutembea polepole, anachoka na kukasirika. Mama akikimbia ili amfikie, anapata malengelenge, na baadaye goti linavimba. Wenye uzoefu wa njia hii hawajaribu kulingana mwendo. Asubuhi hupatana kijiji cha kukutana, penye kanisa au bomba la maji, na kila mtu hutembea kwa nguvu zake mpaka pale. Wa kwanza hungoja. Ila urefu wa safari ya siku huamuliwa na yule wa polepole, si na yule wa mbio. Hapa ndipo waume wengi hushindwa, tuseme ukweli.

Kuachana hivyo si hatari sana, kwa sababu njia ina alama za mishale ya manjano. Aliyeanza kuichora ni Padre Elías Valiña, paroko wa kijiji cha mlimani kiitwacho O Cebreiro, ambaye mwaka wa 1984 alizunguka akipaka rangi yeye mwenyewe. Lakini kuna jambo ambalo sisi tunaofanya kazi na familia tunaliona upesi: ni nani ameshika mfuko wa pesa? Kama bwana ametangulia na pesa zote na vitambulisho vya wote wawili, mama aliyebaki nyuma hawezi hata kununua soda, wala kulala mahali popote. Kwa hiyo kila mmoja anapaswa kubeba pesa zake kidogo, maji yake, na kijitabu chake cha hija. Kijitabu hicho hupigwa muhuri katika kila nyumba ya kulala na makanisa ya njiani. Hakuna kijitabu cha mume na mke. Kila mtu ana chake.

Mizigo nayo hivyo hivyo. Ushauri wa kawaida ni kwamba begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 abebe kilo 6, na kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Vitu vya kutumiwa na wote, kama dawa na sabuni, hugawanywa kwa kipimo hicho. Bwana anayebeba yote ili aonekane mwanamume ataonekana hivyo kwa siku tatu, basi.

Usiku hulala katika nyumba za mahujaji. Nyumba za umma katika jimbo la Galicia hulipisha karibu yuro 10 kwa mtu. Vitanda ni vya ghorofa, wageni wengi katika chumba kimoja, na taa huzimwa mapema. Kwa wana ndoa maana yake ni kwamba hakuna pa kugombana kwa siri wala pa kupatana kwa siri. Mazungumzo yao ni ya barabarani. Zipo pia nyumba za parokia zisizo na bei. Katika kijiji cha Grañón mahujaji hulala juu ya magodoro katika jengo la kanisa, wanapika na kula pamoja, na sanduku la sadaka huachwa wazi: mwenye nacho aweke, mwenye shida achukue. Vikundi vyetu vya merry-go-round vingeweza kukaa jioni nzima vikijadili sanduku hilo.

Halafu kuna kuugua. Siku ya kwanza peke yake njia hupanda mpaka zaidi ya mita 1,400, kisha huteremka kwa ukali hadi Roncesvalles, na mteremko ndio huumiza magoti kuliko kupanda. Baadaye, kati ya Burgos na León, ni tambarare isiyo na kivuli kwa siku nyingi. Mmoja akiumia huko, wawili wanaweza kupumzika au kupanda basi bila kupoteza cheti, maana anayetembea kwa miguu hudaiwa angalau kilomita 100. Ndiyo sababu wengi huanzia mji wa Sarria, uliobakiza kama kilomita 115.

Lakini mama akishindwa baada ya Sarria, yaani ndani ya zile kilomita 100, bwana afanye nini? Akiendelea atapata cheti, na mwenzake atamngoja Santiago akiwa amefika kwa basi bila kitu. Akiacha, wote wamekosa. Sheria haiwaamulii. Iko nafasi moja tu: ofisi ya Santiago hukubali mtu atembee kwa niaba ya marehemu au mgonjwa asiyeweza kusafiri, na jina la huyo huandikwa katika cheti kwa Kilatini. Aliyeumia goti njiani hahesabiwi hapo. Kwa hiyo wana ndoa wengine hukata shauri hilo wakiwa bado nyumbani, kabla hata ya kununua viatu.