Mchezaji Hugeukaje Kuwa Kocha?

Muhula uliopita niliumia goti katika kiwanja chetu hapa Kingolwira, nami nikatolewa katika timu ya shule. Kwa muda wa juma zima sikutaka hata kuusikia mpira. Ndipo mwalimu wetu wa michezo aliponipa filimbi, akaniambia niwafundishe vijana wa kidato cha kwanza. Nikaanza kuuliza jinsi mchezaji anavyopata kuwa kocha, na jibu nikalipata katika mkoa wetu wenyewe.

Kule Turiani, penye mashamba ya miwa, iko timu ya Mtibwa Sugar, ambayo uwanja wake ni Manungu. Ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000. Mecky Mexime alikuwa beki na nahodha wake, akawa pia nahodha wa Taifa Stars. Alipoacha kucheza aliifundisha timu ile ile, kisha akaenda kuifundisha Kagera Sugar.

Zuberi Katwila naye alikuwa kiungo wa Mtibwa. Yeye alianza kwa kuwa msaidizi wa kocha Salum Mayanga. Mwaka 2017 Mayanga alipoitwa kuifundisha Taifa Stars, Katwila akashika nafasi yake. Mwaka uliofuata, mjini Arusha, Mtibwa iliifunga Singida United mabao 3-2 ikatwaa Kombe la Shirikisho, na kwa hiyo ikapata nafasi ya kushindana na timu za nchi nyingine za Afrika.

Basi njia ni hii: kwanza kucheza, pili kusaidia, tatu kusoma. Kusoma ni lazima, kwa maana Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, hutoa vyeti vya ukocha kwa madaraja: D, kisha C, B na A. Ustadi wa miguu peke yake hautoshi. Mchezaji hutazama mpira. Kocha hutazama watu kumi na mmoja, pamoja na wale walioketi nje.

Jambo hilo nimeliona mwenyewe. Siku ya kwanza niliwapigia kelele vijana wangu, nao wakazidi kukosea. Siku ya tatu niliwapanga wawili wawili, nikawaonyesha pasi polepole, wakaweza. Juzi waliwafunga kidato cha pili mabao 2-1.

Goti langu halijapona, wala sijui kama nitacheza tena kabla ya mtihani wa mwisho. Lakini filimbi sijairudisha.