Amri na Ombi la Adabu: Kihindi na Kiswahili

Kihindi huweka heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Neno la kumtaka mtu akae lina maumbo matatu: "baith", "baitho" na "baithiye". La kwanza huendana na kiwakilishi "tu", cha mwandani, mtoto mdogo au mtu anayedharauliwa. La pili na "tum", cha rafiki au mdogo kwa umri. La tatu na "aap", cha mkubwa, mgeni au yeyote anayestahiwa. Hata kiwakilishi kikiachwa, mwisho wa kitenzi hutosha kuonyesha daraja.

Kiswahili sanifu hakina mwisho wa namna hiyo. Kiambishi "-ni" katika "kaeni" huhesabu watu, hakipimi heshima. Mfasiri akiandika "kaeni" mahali pa "baithiye" aliyoambiwa mtu mmoja, msomaji atamtafuta mtu wa pili asiyekuwapo. Akiandika "kaa" peke yake, mwana ataonekana anamwamuru baba yake.

Irabu "-e" nayo isituhadae. Katika "nipe" na "kisome" imeletwa na kiambishi cha mtendwa. "Lete" ni umbo la pekee la "leta". Zote ni amri. Lakini "ukae", yenye kiambishi cha nafsi, ni hali tegemezi, nayo hulainisha kauli, hasa ikitanguliwa na "naomba".

Adabu ya Kiswahili, basi, hutegemea zaidi maneno yanayokizunguka kitenzi. Katika stendi ya mabasi ya Nyegezi, jijini Mwanza, kijana mwenye adabu anayemwelekeza abiria wa rika la mama yake huanza na "Shikamoo, mama", kisha "naomba ukae hapa". Anayetaka maji dukani husema "naomba maji", si "nipe maji". Hata amri tupu hupata staha ikipambwa vizuri: "Karibu, mama, kaa upumzike." "Tafadhali" hufaa sana katika matangazo na barua, ikirudiwa katika kila sentensi ya mazungumzo, hunuka tafsiri.

Kwa hiyo "baith" yaweza kuwa "kaa"; "baitho", "hebu kaa" au "kaa basi"; na "baithiye", "karibu ukae, mzee". Kabla ya kuchagua, mfasiri na aulize kwanza: nani anamwambia nani? Jibu la swali hilo Kihindi hulibeba katika silabi ya mwisho. Katika Kiswahili mara nyingi hutangulia kitenzi, ndani ya salamu na jina la heshima.