YONA ALIKASIRIKIA NINI?



Tangu masomo yaanze mwaka huu, swali moja linatembea katika vyumba vya kulala na hata kwenye foleni ya maji. Kama Mungu anachelewa kukasirika, na kama anasamehe hata watu wabaya kabisa, basi haki iko wapi? Wengine wanasema uvumilivu wa namna hii ni ulegevu tu. Wengine wanajibu mbio kwamba Mungu ni upendo, halafu wanaenda zao, kama vile neno limekwisha. Sisi tumeona vema kujaribu jibu kwa kufuata kitabu kimoja kidogo cha Agano la Kale, kile cha nabii Yona. Kina sura 4 na mistari 48 tu. Mutu anaweza kukimaliza kabla ya kengele ya kulala kulia.

Tunajua: mukisikia jina la Yona, munafikiri samaki. Ndivyo tulivyofundishwa katika shule ya Jumapili, pamoja na picha yake. Lakini samaki yule anatajwa katika mistari mitatu tu. Habari yenyewe iko katika sura ya nne, katika kasirani ya Yona, na hiyo hawaifundishi sana kwa watoto.

Kwanza tujue Ninawi ulikuwa muji gani. Ulikuwa kando ya mto Tigri, ule ambao Biblia yetu inauita Hidekeli, ng'ambo ya muji wa Mosul wa leo katika inchi ya Iraki. Ni muji wa Waashuri, na kisha siku za Yona ukawa muji mukuu wa ufalme wao. Waashuri hawakuficha ukali wao. Mufalme Senakeribu, alipouteka muji wa Lakishi katika inchi ya Yuda mwaka wa 701 mbele ya Kristo, alichonga habari ile katika mawe ya kuta za nyumba yake ya kifalme ku Ninawi. Mawe yale yalichimbuliwa katika karne ya 19, na leo yako London katika nyumba ya makumbusho. Yanaonyesha watu waliotundikwa juu ya miti, wengine wanachunwa ngozi wakiwa wazima, na jamaa zinazotoka mujini na watoto wao juu ya magari ya ng'ombe. Fikirini: huyu mufalme aliweka picha hizi mahali ambapo wageni wake watapita na kuziona! Na mbele yake, karibu mwaka wa 722, Waashuri walikuwa wamekwisha kuuangusha Samaria na kuhamisha watu wake. Yona mwenyewe, mwana wa Amitai, alikuwa mutu wa ufalme ule wa Samaria, wakati wa Yeroboamu wa pili. Kwa hiyo Mwisraeli aliyesoma kitabu hiki hakusoma habari ya muji wa mbali usiomuhusu. Alisoma jina la watu waliovunja kwao.

Basi Mungu anamutuma Yona kule. Ninawi iko upande wa mashariki. Yona anashuka Yafa na kulipa nauli ya merikebu inayokwenda Tarshishi, upande wa magharibi. Ni kama mutu wa Bukavu anatumwa Bujumbura, naye anapanda boti ya Goma.

Kwa nini alikimbia? Wengi wanasema aliogopa. Hapana. Yeye mwenyewe anaeleza sababu katika sura ya 4, mustari wa 2, na ni sababu ya ajabu: alikimbia kwa kuwa alijua Mungu ni mwenye neema na rehema, asiyekasirika upesi. Alijua kwamba akihubiri kule, kuna hatari watu watatubu. Na wakitubu, Mungu atawaachilia. Hofu yake ilikuwa hiyo.

Maneno haya Yona hakuyatunga. Yalisemwa mara ya kwanza kwa Musa juu ya mulima wa Sinai, katika Kutoka 34. Tena angalieni ni wakati gani. Israeli walikuwa wametoka kuabudu ndama ya zahabu, na Musa alikuwa amevunja mbao za kwanza za mawe. Mungu hakusubiri siku ambayo watu walikuwa wazuri ili ajitaje kuwa mwenye rehema. Alijitaja hivyo siku ambayo walikuwa wameharibu. Kisha hapo maneno yale yanarudi mara nyingi, katika Hesabu, katika Nehemia, katika Yoeli, katika Zaburi. Israeli waliyashika kama sisi tunavyoshika ungamo la imani. Yona peke yake ndiye anayeyatumia kama mashitaka. Ni kama kumuambia Mungu: Wewe ni mwema sana, na hilo ndilo kosa lako.

Hapa tunapenda kusimama kidogo juu ya maneno mawili, sababu yanasaidia. Waebrania, wakitaka kusema mutu hakasiriki upesi, wanasema yeye ni mwenye pua ndefu. Musicheke. Kwao kasirani inakaa katika pua, pale pumzi inapochemka. Sisi tunasema roho inapanda. Pua ikiwa fupi moto unatoka mara moja. Ikiwa ndefu, moto una njia ndefu ya kupita, na katika njia ile mukosaji anapata nafasi. Neno la pili ni rehema. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za jamaa moja. Katika lugha zote mbili neno hili linatoka katika shina moja na jina la tumbo la mama, pale mutoto anapokaa mbele ya kuzaliwa. Kwa hiyo rehema ni ile inayomushika mama akisikia mutoto wake analia, hata kama mutoto mwenyewe ndiye aliyevunja chungu.

Turudi kwa Yona. Akiwa tumboni mwa samaki, aliomba na akaokolewa, naye akashukuru sana: sura ya pili yote ni shukrani. Alikuwa amekosa, alisamehewa, aliona ni vizuri. Lakini Ninawi waliposamehewa, aliona ni vibaya kabisa, hata akaomba afe. Ndipo tunaona tofauti yenyewe. Sisi wanadamu hatukosi huruma. Ni uongo kusema mwanadamu hana huruma. Tunayo, lakini tunaiwekea mipaka: kwangu, kwa ndugu yangu, kwa mutu wa kwetu. Ikifika mupaka inasimama na kuuliza karatasi. Ile ya Mungu ndiyo iliyomutuma Yona avuke.

Na uvumilivu vilevile. Mara nyingi sisi tunavumilia kwa sababu hatuna nguvu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepigwa kofi na mukubwa wake ananyamaza, naye anaitwa muvumilivu. Lakini mungojeeni afike mwaka wa nne! Mungu ana nguvu zote za kupiga leo, naye anangoja. Aliwapa Ninawi siku 40. Mahubiri ya Yona kule, kwa Kiebrania, ni maneno 5 tu (hakuna muhubiri aliyepita katika chapeli yetu aliyefupisha hivyo), na hayana hata neno moja la tumaini. Hata hivyo muji wote ulifunga, mufalme akashuka katika kiti chake, wanyama nao wakavikwa magunia.

Sasa neno zito. Hapa mashariki ya Kongo, tangu vita ya 1996, kuna jamaa nyingi zilizopoteza watu, na kati yetu wako wanaobeba habari hizo. Kwa mutu kama huyo, kuambiwa samehe kama vile ni kurudisha kitabu cha mwenzako, ni kumuumiza mara ya pili. Sisi tunafikiri Yona angemuelewa. Kasirani yake haikutoka bure. Ninawi walikuwa wabaya kweli. Tena soma vizuri namna Mungu anavyomutendea: hamupigi, hamufukuzi katika unabii. Anamuuliza kwa utulivu kama kasirani ile ni ya haki, na Yona asipojibu, anaotesha muti wa kumupa kivuli, kisha analeta mududu na upepo wa moto, halafu anauliza tena. Yona anajibu kwa ukali, na Mungu anaendelea kuzungumza naye. Pua ndefu ile haikuwa kwa Ninawi tu. Ilikuwa pia kwa nabii aliyekaa nje ya muji akingoja uangamie.

Bwana Yesu naye, katika Matayo 18, alionyesha jambo hili kwa hesabu. Mutumwa mumoja alikuwa na deni la talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa karibu dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa mushahara wa kibarua kwa siku. Pigeni hesabu: ni siku 60,000,000 za kazi, maana yake kama miaka 200,000 kwa mutu anayefanya siku 300 kila mwaka. Deni hili aliachiliwa lote. Yeye akatoka, akamushika koo mwenzake kwa ajili ya dinari 100. Wahubiri wengi wanasema dinari 100 ni kitu kidogo. Hatukubali. Ni karibu miezi minne ya jasho; kwa muzazi anayetafuta feza za shule, si kitu kidogo hata kidogo. Yesu hakusema kwamba deni la wenzetu kwetu ni bure. Ni deni la kweli. Aliliweka tu kando ya lile lingine.

Je, Mungu ni mulegevu? Fungueni kitabu cha Nahumu. Nahumu naye anasema juu ya Ninawi, na anaanza na maneno yale yale, kwamba Bwana hakasiriki upesi. Lakini anaongeza kwamba hamuhesabu mukosaji kuwa hana kosa. Ninawi, uliorudia njia zake, ulianguka mwaka wa 612 mbele ya Kristo katika mikono ya Wababeli na Wamedi. Petro katika waraka wake wa pili anaeleza kwamba tunachoita kuchelewa ni nafasi ya kutubu. Nafasi ina mwanzo, nayo ina mwisho.

Mutauliza sababu gani tunaandika haya sasa. Munajua. Mwenzetu mumoja wa internati alipatikana na vitu vya wengine. Alirudishwa kwao siku 15, wazazi wake walilipa, naye amerudi. Tangu arudi, sahani yake iko peke yake ku mwisho wa meza, na kitanda chake kimepewa jina ambalo hatutaliandika. Azabu iliyowekwa na shule ilikuwa siku 15. Hii nyingine iliwekwa na nani, na inaisha lini? Sisi makapita hatuwaombi mutoe kadena ku valizi zenu. Fungeni valizi, ni akili njema, na yeye mwenyewe anafunga yake. Lakini kadena ni ya valizi. Haikuwekwa ku midomo ya watu hata mutu akisalimu asubuhi asipate wa kumuitikia.

Kitabu cha Yona kinakatika ghafula: Mungu anauliza kama yeye hana haki ya kuhurumia muji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi tena. Hakuna mustari unaosema Yona alijibu nini, na juu ya jambo hili wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita hawapatani hata kidogo. Wako wanaosema alirudi kwao na uchungu wake. Wako wanaosema kwamba kama hangebadilika, nani angejua habari ya maombi yake tumboni mwa samaki na kuisimulia? Tutaendelea na mabishano haya Jumatano kisha chakula cha jioni, katika klasi ya mwaka wa sita. Kila mumoja alete Biblia yake, sababu zile za chapeli hazitoshi.

Makapita wa shule, mwaka wa 6