Jiko la makaa: Hatari huongezeka moto unapotulia

MSIMU wa baridi unapoingia jijini Nairobi kati ya Juni na Agosti, jiko la makaa huacha kuwa chombo cha kupikia tu katika mitaa ya Eastlands. Katika vyumba vya kupanga vya Dandora, Kayole na Huruma, jiko lililoivisha githeri jioni huingizwa ndani usiku ili kupasha chumba joto. Wengi husubiri kwanza moshi uishe na makaa yawe mekundu, wakiamini kwamba hatari imekwisha. Imani hiyo imegharimu maisha ya watu.

Ili kuelewa sababu, sharti mtu alijue jiko lenyewe. Hili la bati lenye udongo ndani lilibuniwa mapema miaka ya 1980, wataalamu wakiiga jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakawa miongoni mwa waliolitengeneza kwanza. Kiuno chake kimebanwa. Juu mna bakuli la udongo uliochomwa, lenye vijitundu chini, nalo hushikizwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na madini yanayozuia joto kupotea. Sehemu ya chini hupokea jivu, na ina mlango mdogo wa kupitisha hewa. Kwa kuwa udongo huhifadhi joto, jiko hili hutumia makaa machache kuliko lile kuukuu la bati tupu.

Hewa huingia kupitia mlango huo, hupanda kwenye vijitundu na kuyachochea makaa ya chini. Gesi inayotokea hapo hupenya makaa mekundu yaliyo juu yake, na sehemu yake hugeuka kuwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Moto ukiwa mkali, nyingi ya gesi hiyo huungua juu ya makaa. Ndiyo ile miali midogo ya buluu ambayo kila mpishi ameiona. Makaa yanapofunikwa na jivu au mlango unapofungwa, miali hiyo hutoweka, lakini gesi huendelea kutoka bila kuungua. Basi jiko lililotulia, ambalo mama huliona limefaa kuingizwa ndani, ndilo la kuogopwa zaidi. Hata lile linalowaka vizuri halifai katika chumba kilichofungwa.

Usafi nao una sehemu yake. Jivu likijaa chini, hewa hukosa njia, moto huzembea na mpishi hulaumu makaa kuwa mabichi. (Wakati mwingine ni kweli, hasa msimu wa mvua.) Jivu liondolewe kila siku jiko likiwa limepoa kabisa, na vijitundu vizibuliwe polepole kwa waya. Maji yasimwagwe kamwe juu ya udongo ulio moto, kwani utapasuka. Jivu liwekwe kwenye mkebe wa bati badala ya ndoo ya plastiki, maana kaa dogo laweza kujificha humo kwa saa nyingi likiwa hai.

Ufa mwembamba kama unywele ni jambo la kawaida kwa jiko lililotumika. Vipande vikianza kubanduka au bakuli likicheza ndani ya bati, lipelekwe kwa fundi abadilishe udongo. Hakuna haja ya kununua jiko jipya.

Jiko liwashiwe nje, na kupikia kufanyike penye mlango au dirisha lililo wazi. Anayetafuta joto la usiku ni heri aongeze blanketi. Dalili za kwanza za sumu hiyo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu, mambo ambayo mtu aliyechoka hudhani ni usingizi au malaria. Watu kadhaa wa chumba kimoja wakiumwa na kichwa pamoja, watoke nje mara moja. Anayemkuta mwenzake amelala asiamke afungue mlango na madirisha, amtoe kwenye hewa safi, kisha amkimbize hospitalini hata akipata fahamu, kwani gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa saa kadhaa.