Sukari Isiyobadili Rangi: Maabara ya Shule kama Shule ya Ukweli

Tunapenda kuanza tafakari hii ndani ya maabara ya shule ya sekondari, mahali ambapo wengi wetu tulio wazazi na walezi hatujaingia kwa miaka mingi. Mezani kuna mirija miwili ya kioo. Wa kwanza una asali iliyochanganywa na maji, asali ya aina ile tunayoipata kutoka misitu ya Manyoni. Wa pili una maji yaliyokorogwa na sukari nyeupe ya dukani. Mwanafunzi anatia katika kila mrija dawa ya Benedict, ambayo rangi yake ni bluu, kisha anaipasha moto mirija yote miwili ndani ya maji yanayochemka.

Baada ya dakika chache mrija wa asali unabadilika: kijani, njano, chungwa, na mwisho masimbi mekundu kama matofali. Hiyo ni ishara ya sukari. Lakini mrija wa pili unabaki bluu. Mwanafunzi anashangaa, kwa maana anajua fika kwamba sukari ya dukani ni sukari! Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Aandike alichokiona, au aandike anachodhani mwalimu anataka kukisoma?

Jibu sahihi ni kuandika kwamba rangi haikubadilika. Dawa ya Benedict huzitambua baadhi ya sukari tu, kama glukosi na fruktosi, ambazo asali imejaa. Sukari ya dukani, yaani sukrosi, imeundwa na glukosi na fruktosi zilizoshikamana, na katika kushikamana huko dawa haizitambui. Mwanafunzi akichemsha maji ya sukari pamoja na asidi hafifu ya haidrokloriki, kiungo hicho hukatika. Kisha akiipoza asidi kwa bikaboneti ya sodiamu na kurudia kipimo, wekundu unajitokeza. Nyuki hufanya kazi hiyo bila asidi wala moto: wana kimeng'enya kinachokata sukrosi ya maua wakati asali inatengenezwa. Kumbe, aliyeandika kwa uaminifu kwamba bluu imebaki bluu ndiye aliyefunguliwa mlango wa kujua zaidi. Aliyeandika uongo ameufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

Kishawishi hichohicho kinamngoja katika kemia, kwenye kipimo cha asidi na besi. Mwanafunzi huchota kwa pipeti kiasi kamili cha haidroksaidi ya sodiamu, huongeza matone machache ya kiashiria kiitwacho methili oranji, na maji huwa ya njano. Kisha hufungua bureti yenye asidi na kuiacha idondoke tone kwa tone, huku akitikisa chupa, mpaka tone moja tu ligeuze njano kuwa chungwa. Hapo hufunga na kusoma kipimo. Hurudia mara kadhaa. Tuseme amepata sentimita za ujazo 24.30, kisha 24.90, kisha 24.40. Kipimo cha katikati kimepotoka; pengine matone yaliyozidi yalipita asipoyaona. Mwanafunzi mwaminifu anakiacha kama kilivyo, anapima tena, na anakokotoa wastani kwa vipimo vinavyokaribiana. Asiye mwaminifu anafuta 90 na kuandika 30. Wanafunzi wenyewe huita jambo hilo “kupika majibu.”

Je, kwa nini Kanisa lijishughulishe na mambo ya bureti? Kwanza, kwa sababu Amri ya Nane haiishii mlangoni pa maabara. Pili, kwa sababu Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 159, inatufundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kwa kweli, kwani chanzo chake ni Mungu yuleyule. Anayechunguza viumbe kwa unyofu anasoma kazi ya Muumba; anayebuni matokeo anamsingizia Muumba jambo asilolifanya.

Wanafunzi wa kidato cha nne wanaposoma urithi wa sifa za viumbe, wanakutana na mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri ya Brno kuanzia mwaka 1856. Katika jaribio moja alitoa hesabu ya punje 5,474 za duara na 1,850 zilizokunjamana. Uwiano huo unakaribia tatu kwa moja, lakini si tatu kwa moja kamili, naye hakuuandika kuwa kamili. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1866, na ulimwengu haukuitambua thamani yake hadi mwaka 1900, naye akiwa amekwisha kufariki dunia.

Hapa nchini tulikuwa naye Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa. Aliambiwa kwamba amekosea, akachekwa, lakini hakukana alichokiona. Baadaye alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alilijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanalijadili hadi leo.

Ndugu zangu, mtoto anayejifunza leo kupika majibu ndiye kesho atakayesoma darubini katika zahanati zetu, akiamua kama damu ya mgonjwa ina vimelea vya malaria au haina. Ndiye atakayempimia mtoto mchanga dozi ya dawa. Uongo mdogo wa bureti hukua pamoja na mwenye nao.

Wengi wetu tunakumbuka miaka ya 2014 na 2015, wananchi walipohimizwa kujenga maabara katika shule za kata. Mawe, mchanga na michango vilitoka mikononi mwetu. Lakini jengo peke yake si maabara. Panahitajika vifaa, kemikali, mwalimu na muda. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuuliza uongozi wa shule ni nini kimepungua, na kuchangia kwa kadiri ya uwezo.

Tena si kila jaribio linahitaji fedha nyingi. Maua makavu ya choya yaliyochemshwa hutoa kiashiria kizuri: kwenye ndimu maji yake hubaki mekundu, na kwenye maji ya majivu hugeuka kuelekea kijani. Wanafunzi wa Singida mjini wachote maji ya Ziwa Singidani na ya Ziwa Kindai, wayatie choya, walinganishe. Jibu hatuliandiki hapa; waliandike wao, kwa kadiri macho yao yatakavyoona. Wazingatie tu usalama: wasionje chochote cha maabara, wasivute kemikali kwa mdomo, na daima wamimine asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Nasi wazazi, mtoto anaporudi nyumbani tusiishie kumuuliza amepata alama ngapi. Tumuulize, “Leo umeona nini?” Na akisema ameona kitu ambacho hakukitarajia, tusimcheke.

Tarehe 15 Novemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Alberto Mkuu, Askofu na Mwalimu wa Kanisa, msimamizi wa wanasayansi. Ni mwezi ambao vijana wetu wa kidato cha nne huwa katika mitihani. Tuwaombee kwa maombezi yake, ili wafaulu, na zaidi ya hapo, ili waandike ukweli.