PLASTIKI INAYOOZA: NANI HUIOZESHA?

Ndugu mfanyakazi, siku hizi mifuko, vikombe na sahani za plastiki huuzwa vikiwa vimeandikwa kwamba vinaoza. Maandishi hayo ni ahadi. Wewe unayevitengeneza, unayevinunua au unayezoa taka zake unastahili kujua ahadi hiyo hutimizwa vipi, na ni wapi haitimizwi.

Waozeshaji ni vijidudu, yaani bakteria na kuvu. Plastiki ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyoungana, na kijidudu hawezi kuumeza mzima. Kwa hiyo hutoa nje ya mwili wake vimeng'enya, ambavyo hutumia maji kukata viungo vya mnyororo. Hata sisi ugali hukatwa hivyo mdomoni na tumboni kabla ya kuingia katika damu. Vipande vikisha kuwa vidogo vya kutosha, kijidudu huvifyonza na kuvila. Hubaki maji, hewa ya kaboni na vijidudu walioongezeka. Pasipo na hewa, hutoka pia gesi ya methani.

Lakini kimeng'enya ni kama ufunguo: hakifungui kila kufuli. Viungo vya polithini, plastiki ya mifuko ya kawaida, ni vigumu mno kwa vimeng'enya hivi. Mifuko ya namna hiyo ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019.

Hata zile ziozazo hazilingani. PHB iligunduliwa na Mfaransa Maurice Lemoigne mwaka 1926 ndani ya bakteria, ambao huiweka kama akiba ya chakula. Kwa kuwa ni zao la vijidudu, wenzao wengi wa udongoni na baharini huweza kuila. PLA hutengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa, lakini huoza upesi katika lundo la mboji la kiwandani, lenye unyevu na joto la nyuzi 58 hivi. Joto hulegeza mnyororo, maji huukata, ndipo vijidudu hula. Ikitupwa jaani au baharini, hukaa miaka. Tena ikichanganyika na chupa za kawaida, huharibu mzigo unaouzwa viwandani kuyeyushwa upya, na hasara humwangukia mwokota chupa.

Iko pia mifuko iliyotiwa dawa ili ikatikekatike kwa jua na hewa. Mingi husagika tu kuwa chembe. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa hizo kuanzia Julai 2021.

Basi tusiridhike na neno "inaoza". Katika kamati zetu za kazi na halmashauri za miji tuulize: inaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani? Na je, mahali hapo mjini kwetu papo? Kama hapapo, kikombe hicho ni taka kama taka nyingine, na atakayekiinama kukiokota ni mfanyakazi mwenzetu.