Kufunga Uzazi: Uamuzi wa Kudumu Usifanywe kwa Hofu

Mnamo Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa haki ya kikatiba ya kuavya mimba na kuyaachia majimbo yajitungie sheria. Majimbo kadhaa yalipiga marufuku. Watafiti waliochunguza rekodi za matibabu za watu wa miaka 18 hadi 30 waligundua kwamba idadi ya waliofunga uzazi ilipanda ghafla baada ya uamuzi huo. Ongezeko kwa wanawake lilikuwa karibu mara mbili ya lile la wanaume.

Uamuzi huo haukugusa upangaji uzazi. Kilichobadilika ni hofu: mimba isiyotarajiwa ikitokea, itakuwaje? Wengine waliona heri wafunge kabisa mapema.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 hakiruhusu uavyaji mimba, ila pale ambapo mtaalamu wa afya aliyehitimu anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Mwanamke mwenye matatizo baada ya mimba kuharibika ana haki ya kutibiwa. Asikae nyumbani akivuja damu kwa kuogopa sheria. Kifungu cha 43 nacho kinampa kila mtu haki ya huduma za afya ya uzazi, ukiwemo upangaji uzazi.

Kufunga uzazi ni nini?

Kwa mwanamke, mirija inayopitisha mayai hufungwa au kukatwa kwa upasuaji mdogo. Hedhi huendelea, na hamu ya tendo la ndoa haiondolewi. Kwa mwanamume, mirija inayopitisha mbegu ndiyo hukatwa. Upasuaji wake ni mwepesi zaidi, lakini ni lazima atumie kinga nyingine kwa miezi 3 hivi. Njia hizi mbili hazizuii virusi vya ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa.

Kufungua tena ni upasuaji mgumu, wa gharama kubwa na usio na hakika. Utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka 14 ulionyesha kuwa miongoni mwa waliofunga wakiwa na miaka 30 au chini, takriban 20 kati ya 100 walijuta. Kwa waliofunga wakiwa wamepita umri huo, walikuwa 6 hivi.

Je, kuna njia nyingine yenye nguvu sawa?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi hukosa habari. Kipandikizi cha mkononi hukinga kwa miaka 3 hadi 5, na koili ya shaba kwa miaka 10 au zaidi. Katika mwaka wa kwanza, wanawake 5 hivi kati ya 1,000 waliofunga mirija hupata mimba; kwa kipandikizi ni kama 1. Koili nayo iko karibu na kufunga mirija. Tofauti ni kwamba kipandikizi na koili hutolewa ukitaka kuzaa tena.

Kabla ya kutia sahihi

Ikiwa umetosheka na watoto ulio nao, au hutaki kuzaa kabisa, kufunga uzazi ni njia halali na salama. Jiulize hivi: kama nisingekuwa na hofu ya mimba isiyotarajiwa, je, bado ningetaka kufunga? Nikipoteza mtoto au nikiolewa upya, nitaonaje?

Idhini ni ya anayefanyiwa upasuaji, na anaweza kubadili nia hadi dakika ya mwisho bila kunyimwa huduma nyingine. Asikubali kushurutishwa na mume, jamaa wala mhudumu.

Kwa ushauri, tembelea kliniki ya upangaji uzazi katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini mwako. Mje wawili ikiwezekana.